Nionyeshe Harusi Moja Nzima

Jumamosi yoyote jioni, ukipita kwenye bustani ya jengo la utawala hapa chuoni, utakuta bibi harusi. Gauni jeupe, shela, maua ya plastiki, na bwana harusi aliyevaa suti inayombana mabegani. Usiulize ndoa ni lini. Hakuna ndoa. Bibi harusi ni wa mwaka wa pili, bwana harusi wamekutana naye siku hiyo hiyo, gauni limekodiwa kwa saa tatu, na wapiga picha wanne wamechangiana hela ya kulikodi. Wiki ijayo picha zile zitakuwa kwenye kurasa nne tofauti za Instagram, kila mmoja akiandika kwamba hiyo ni harusi aliyoipiga yeye, na chini kuna namba ya simu kwa wanaotaka kuweka oda.

Hiyo ndiyo tunaiita kujenga potifolio. Kwa asiyejua, potifolio ni mkusanyiko wa kazi zako ambao mteja anauangalia kabla hajakukabidhi hela yake. Na mimi nasema, kwa heshima zote kwa wenzangu wanaohangaika, kwamba potifolio ya namna hiyo ni ahadi ya uongo. Anayelipa gharama ya uongo huo si mpiga picha. Ni binti wa Rulenge au Nyakahura ambaye harusi yake ikiharibika kwenye kamera hairudiwi tena.

Naandika haya kwa sababu kila likizo ndefu napiga picha za harusi nyumbani Ngara na kwa jirani zetu Biharamulo, na kwa sababu ninavyoona, kila mwaka wanaongezeka wanafunzi wanaofanya mishe hii. Ni jambo zuri. Sisi wa elimu hasa tunajua foleni ya ajira ya ualimu ilivyo. Mtu anayemaliza chuo na ujuzi wa pili mkononi hakai gheto akisubiri majina yatoke. Lakini kama tunaifanya kuwa kazi, tuifanye kama kazi.

Wa elimu wenzangu mtanielewa haraka. Kabla ya kwenda TP huwa tunafundishana sisi kwa sisi. Unasimama mbele, "wanafunzi" wako ni watu wazima wa miaka 22 na 23, wanajua jibu kabla hujauliza, wananyoosha mikono pale unapotaka wanyooshe. Somo linateleza. Halafu unapangiwa shule, unaingia kidato cha pili unakuta watoto 80 kwenye chumba kimoja, vitabu havitoshi, mvua inapiga bati hata sauti yako mwenyewe huisikii. Hapo ndipo mtu anajulikana kama ni mwalimu. Yale mazoezi ya mwanzo yana faida yake, sikatai, ila hakuna anayeandika kwenye CV yake kwamba amefundisha sekondari kwa sababu aliwafundisha wenzake. Picha za bustanini ni mazoezi. Kuziita harusi ni kitu kingine.

Harusi yenyewe ikoje? Tuanzie mchana. Ngara iko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba karibu na Machi na Septemba jua la saa sita linakaa utosini kabisa, na miezi mingine halijasogea sana. Maharusi wanatoka kanisani saa sita hiyo hiyo. Macho yanakuwa mashimo meusi, pua inaweka kivuli mdomoni, na gauni linawaka kama bati jipya. Kamera ukiiachia ijiamulie yenyewe, inaliona gauni jeupe, inadhani kuna mwanga mwingi kila mahali, inapunguza, na uso wa bibi harusi unapotea. Ukipima mwanga kwenye uso, gauni linaungua na ile lesi ambayo mama yake alitafuta kwa miezi inageuka karatasi. Lazima uchague, na uchague ndani ya sekunde mbili, maana wakina mama wameshaanza vigelegele na mchungaji anataka picha ya pamoja upesi. Mimi huchagua uso. Lesi nitaipiga peke yake baadaye, chini ya mgomba au ukutani kwenye kivuli.

Hapa nichomekee jambo moja, maana wengi wanadhani ngozi nyeusi "haishiki picha". Kwa miaka mingi maabara za kusafishia filamu zilikuwa zikilinganisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zikaitwa Shirley. Rangi ikikaa vizuri kwa Shirley, basi kazi imekwisha. Kodak walipokuja kuboresha filamu zao ili zionyeshe vizuri rangi za kahawia, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa. Chokoleti! Kwa hiyo bibi yako alipotoka mweusi tii kwenye picha ya zamani, usimlaumu bibi. Na wewe wa leo mwenye kamera ya kidijitali huna kisingizio.

Turudi kazini. Saa nane msafara unaondoka. Kama harusi ni ya Biharamulo na kanisa liko upande wa Ngara, mtapita Lusahunga mkipigana vikumbo na malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura, na vumbi la barabara za ndani litaingia kwenye lenzi hata kama umefunga begi. Jioni mnafika kwenye mnuso. Wengi hawana ukumbi, kuna turubai. Turubai la bluu linamfanya kila aliye chini yake awe wa bluu: bibi harusi, keki, wazazi, wote. Kuna taa za rangi za dijei zinazogeuka kila sekunde. Kuna MC anayeongea bila kupumua. Kuna mwenyekiti wa kamati ambaye amechangisha miezi minne na sasa amesimama mbele yako na simu yake kwa sababu naye anataka video. Huwezi kumwambia atoke. Unamwomba, "Mzee, naomba tubadilishane nafasi kidogo, huku utaona vizuri zaidi," na unahakikisha huko kweli anaona vizuri.

Halafu saa tatu usiku jenereta linakata, keki ndiyo kwanza inakatwa.

Sasa nirudi kwa wale wanne wa bustanini. Picha zao zile zote nzuri, ni ipi inayomwambia mteja watafanya nini saa tatu usiku jenereta likikata? Hakuna. Na hicho ndicho mteja anachokinunua. Jua la jioni bustanini hata simu inaliweza.

Ndiyo maana nasema kama unataka nikuamini, nionyeshe harusi moja nzima. Picha 40 au 50 za siku moja, familia moja, kwa mpangilio: nyumba ya binti asubuhi, kanisa au msikiti, jua la mchana, wazee waliokaa, turubai la bluu, chakula, zawadi, ngoma, mwisho wa usiku. Nione na zile ambazo mwanga ulikuwa mbaya lakini ukapata tukio. Mtu anayeweza kunionyesha hivyo kwa harusi moja ana thamani kuliko mwenye picha 300 zilizochaguliwa moja moja kutoka sehemu mbalimbali, nyingine za gauni la kukodi, nyingine, samahani, za watu wengine. Maana na hilo lipo. Kuna kurasa ukizifuatilia unakuta picha ya Lagos imeandikwa kuwa ni ya Kagera. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kukata jina la mwenye picha pale pembeni hakuifanyi iwe yako.

Najua jibu nitakalopewa. "Dada, wateja wenyewe ndio wanataka hivyo. Wanaangalia harusi za Masaki, wanataka Masaki." Ni kweli. Binti wa Ngara ana simu kama ya binti wa Dar, na hakuna ubaya kutamani kupendeza. Mimi pia nampiga zile picha za kupendeza, dakika 20, kwenye mteremko wenye mwonekano mzuri. Kwetu vilima havijawahi kuisha. Lakini nimekaa na wenye harusi wakifungua picha zao mara ya kwanza, sebuleni, familia nzima imezunguka laptopu. Zile za kupozi zinapita haraka: "eeh, umependeza", inayofuata. Wanaposimama ni pengine. Wanasimama kwa babu anayepokea mkono wa wakwe. Wanasimama kwa ng'ombe wa mahari, na hapo mabishano yanaanza upya kuhusu yupi alikuwa mdogo. Wanasimama kwa shangazi aliyekuja kutoka upande wa pili wa mpaka na hajaonekana miaka mingi. Mara moja mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, rudisha nyuma, huyo aliyeshika bakuli ni nani?" Nyumbani huwa wananiita mwalimu hata kabla sijamaliza. Nikarudisha. Alikuwa mama yake mzazi, ametokea pembeni kabisa, anacheka. Sikumbuki kama picha zile za mteremkoni walizirudia.

Kwa hiyo mteja anataka Masaki kabla ya harusi, na baada ya harusi anamtafuta bibi yake. Potifolio inayomwonyesha Masaki peke yake inamfundisha kuagiza kitu ambacho baadaye hatakitafuta. Sisi tunaojifunza kufundisha tungepaswa kuliona hilo.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Wilaya yangu ina picha nyingi sana duniani, na karibu zote ni za msiba. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikajaa, na waandishi na wapiga picha kutoka pembe zote za dunia wakafuata. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyekuwa miongoni mwa wapiga picha maarufu kuliko wote wa karne ile, alikuwepo Benaco mwaka huo na picha zake ziko kwenye vitabu na kumbi za maonyesho. Silaumu, yale yalitokea na yalistahili kuonekana. Lakini waliokuja kupiga waliondoka na kamera zao, na harusi za watu wa hapa, wakulima wa kahawa na ndizi, Wahangaza na Washubi na Wasubi na Wasukuma waliohamia, hawakuzipiga. Nyumba nyingi ukiomba picha ya ndoa ya babu na bibi unaonyeshwa moja ya studio iliyofifia, au huonyeshwi kitu. Tukienda pale na sisi, watoto wa pale pale, tukapiga gauni na machweo tu, halafu tukafuta zile "za kawaida" ili kupata nafasi kwenye memori kadi, mtu atakayetafuta Ngara baada ya miaka 50 atapata nini? Kambi na magauni.

Kwa Biharamulo ni hivyo hivyo kwa namna yake. Boma la Wajerumani pale limepigwa picha nyingi kuliko watu wanaoishi chini yake.

Sasa, kusema onyesha harusi halisi si kusema onyesha kila kitu. Hapa ndipo wengi wanaharibu, tena hata wale wazuri. Potifolio imejengwa kwa sura za watu wengine, na watu hao wana haki ya kusema hapana. Mimi kwa kuwa ni mwanamke naitwa kwenye kicheni pati, sehemu ambayo kaka zangu wenye kamera hawafiki. Napiga, nawakabidhi, na hata moja haitoki kwenye ukurasa wangu. Wakina mama wanaongea na kucheza mle kwa sababu wanajua mlango umefungwa. Kamera isije ikawa dirisha.

Na mpakani kuna mambo ambayo mtu wa mbali hayafikirii. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, na kipindi hicho hicho maelfu walivuka kurudi Rwanda na Burundi. Miongoni mwao walikuwepo walioishi hapa miaka mingi na kuoa au kuolewa hapa. Kuna familia ziligawanyika. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini sijasahau jinsi watu wazima walivyokuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Sasa wewe unapokuja na kamera, unapiga meza ya wageni, unaweka mtandaoni na jina la kijiji na tarehe, je, umemuuliza yule mjomba kama anataka dunia nzima ijue kwamba siku ile alikuwa pale? Pengine hana shida yoyote. Pengine anayo. Kumuuliza ni dakika moja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Mimi nina karatasi moja ya Kiswahili chepesi ambayo maharusi wanaisaini kabla: picha zipi naruhusiwa kuonyesha kama kazi yangu, zipi hapana, na kwamba wakibadili mawazo naziondoa. Wageni nawauliza kwa mdomo. Watoto siweki bila mzazi kusema ndiyo. Wengine wamewahi kukataa zote, na harusi hiyo haimo kwenye potifolio yangu ingawa ilikuwa miongoni mwa kazi nilizozipenda. Basi.

Suala la bure sitalizungusha sana. Kuna ushauri unaozunguka kwamba anayeanza apige bure "apate jina". Mimi siukubali, isipokuwa kwa ndugu wa damu. Kazi ya bure haina ahadi pande zote mbili: wao hawakupi ratiba, wewe hujisikii kuwa na deni la kuwakabidhi mapema. Omba hata kidogo, nauli, chakula na betri za akiba, na mwandikiane. Kamati iliyonunua keki ya ghorofa tatu haiwezi kukosa hela ya mpiga picha. Tena ukipiga bure Biharamulo unamwua fundi wa studio wa pale anayelisha watoto kwa picha za pasipoti na harusi, halafu Oktoba wewe unarudi chuoni na bumu linaingia, yeye anabaki na wateja waliozoea bure.

Badala ya kumwua, nenda ukajifunze kwake. Nilianza hivyo, nikibeba taa na begi la fundi mmoja wa studio likizo nzima, napiga zile ambazo yeye hawezi kwa kuwa yuko mbele na maharusi: jikoni, watoto, wazee nyuma ya turubai. Huyo fundi hakuwa na ukurasa wowote mtandaoni. Alikuwa na albamu tatu za kuchapisha zilizochakaa pembeni, kila moja harusi moja, na mteja akija alikuwa anamwekea mezani na kukaa kimya mpaka afunue ukurasa wa mwisho. Sijaona potifolio iliyonishinda nguvu kama zile.

Kwa wanaotaka kuanza likizo hii, msitafute gauni la kukodi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, na makanisani matangazo husomwa Jumapili kwa Jumapili. Iwe Rulenge, Murgwanza au Biharamulo mjini, kaa benchi la nyuma na usikilize majina. Baada ya ibada nenda kwa wazazi, shikamoo kwanza, kamera ibaki kwenye begi. Waambie wewe ni mtoto wa nani, unasoma wapi, na kwamba unaomba kuwapigia siku nzima kwa bei ya mwanafunzi, kuanzia alfajiri binti anaposukwa. Una wiki tatu za kwenda kuliona turubai ni la rangi gani.